Kabla hujanunua rivolva ya bei nafuu, muulize mwenye nayo amepiga risasi ngapi

Rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka na matundu ya risasi, inaweza kuwa nzuri ya kukaa nayo miaka mingi hata ikiwa ya dola 300. Natangulia kusema hivyo kwa sababu ndugu zangu wengi tunaoishi huku Marekani, wakianza kufikiria silaha ya nyumbani, husoma maoni ya wenye nazo na kuchanganyikiwa kabisa. Huyu anasema Taurus yake haijawahi kumsumbua. Yule anaapa kwamba kisichoandikwa Smith & Wesson au Ruger ni chuma chakavu. Kila mmoja anasema kweli, lakini kweli ya bastola moja tu, ile iliyo mkononi mwake.

Mimi naishi Texas. Rivolva za bei ya chini nimezinunua, nimezipiga sana, na nyingine nimeziuza. Ukimuuliza mtu "hiyo yako ni nzuri?", atakujibu kwa mapenzi au kwa hasira. Muulize amepiga risasi ngapi. Aliyepiga boksi moja la risasi 50 kisha akaifungia kabatini anaweza kukusifia bei na umbo, lakini uimara hajauona bado. Aliyevuka risasi 1,000 ndiye anayejua skrubu ipi hulegea na kama silinda bado inafunga sawasawa. Halafu muulize alitumia risasi za kawaida au zile za +P zenye msukumo mkubwa, na kama bastola iliwahi kurudi kiwandani: ilikaa huko muda gani, na nani alilipa usafirishaji. Ukipata majibu ya maswali hayo kutoka kwa watu watatu wanne, umeshajua mengi.

Kwa .38 Special, risasi ya kawaida ya rivolva za kujilinda, mazungumzo ya bei nafuu siku hizi huanzia kwa Taurus 856, inayobeba risasi sita na ina mtutu mfupi. Ya chuma kitupu ina uzito unaozidi kidogo gramu 600. Wengi niliozungumza nao waliopiga sana wameridhika nayo, na mimi ni mmoja wao. Kifyatulio ni kizito mwanzoni, kisha hulainika kadiri unavyopiga. Kutoka Ufilipino kuna M200 ya Armscor, inayouzwa kwa jina la Rock Island, yenye mtutu wa inchi nne. Sura yake ni ya kizamani na rangi haina mng'aro, lakini mtutu ule mrefu humsaidia sana anayejifunza kulenga. Charter Arms ni ya Wamarekani wenyewe, ipo tangu 1964, na maoni juu yake yamegawanyika kuliko zote. Hapo ndipo ukaguzi wa dukani unapokuwa na maana kubwa zaidi.

Wanaotaka bastola ya .22, risasi ndogo na ya bei ndogo, ya kujifunzia huishia kwenye Heritage Rough Rider au Ruger Wrangler, iliyotoka 2019 kwa bei ya kiwandani ya dola 249. Zote mbili ni za mtindo wa wachunga ng'ombe: unakoki nyundo, yaani unaivuta nyuma kwa kidole gumba, kila mara kabla ya kupiga. Rough Rider ina bei ndogo zaidi, na ina kitufe cha usalama upande wa kushoto wa nyundo ambacho wengi hawakipendi. Wrangler ina kipande cha chuma ndani kinachopeleka pigo la nyundo kwenye pini ya kulipulia risasi pale tu kifyatulio kinapovutwa, na kwa hilo mimi naiona inastahili dola zilizozidi. Malalamiko ya kawaida kwa bastola za aina hii ni kwamba hupiga kushoto au kulia kidogo, na kwa kuwa kilengeo kimeshikiliwa hapo hapo, huwezi kukirekebisha kwa bisibisi. Ikiwa inapiga chini, fundi wa bunduki anaweza kusugua kilengeo cha mbele kidogo kidogo kwa tupa mpaka risasi zipande. Ikiwa inapiga pembeni sana, rudisha.

Sasa ukaguzi, na hapa naomba usome polepole. Kununua rivolva ya bei ya chini kwa picha tu ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nenda dukani, hakikisha haina risasi, hakikisha tena, kisha mwombe muuzaji ruhusa ya kuikoki. Angalia mtutu kwa mbele: kilengeo kisimame wima, kisiinamie upande. Nimeona bastola mpya kabisa yenye mtutu uliokazwa ukapitiliza kidogo, na kilengeo kimelala kidogo upande. Hiyo haikupigii shabaha hata ufanyeje.

Baada ya hapo, koki nyundo polepole sana huku kidole cha mkono mwingine kikigusa silinda kwa wepesi. Usikie mlio wa silinda kufunga kabla nyundo haijafika mwisho wa safari yake. Fanya hivyo kwa kila tundu, yote sita, maana tundu moja bovu katika sita ndilo litakalokuponza. Kisha vuta kifyatulio, kishikilie nyuma, na ujaribu kutikisa silinda. Kucheza kidogo ni kawaida. Ikigonga gonga huku na huku, iache. Mwisho, inua bastola kwenye mwanga uangalie upenyo kati ya silinda na mtutu. Uwe mwembamba na ulingane pande zote. Mafundi wengi hutaka kati ya inchi 0.004 na 0.008, na kipimo chake, vibamba vyembamba vya kuingiza kwenye upenyo, hupatikana duka lolote la vifaa vya magari. Hata upenyo mwembamba hutoa gesi ya moto pembeni, na ukiwa mpana hutoa zaidi, kwa hiyo usimruhusu mtu asimame ubavuni mwako unapopiga.

Muuzaji akikataa usifanye haya, duka si hilo moja.

Kuna kasoro moja haionekani dukani. Rivolva moja ya .38 niliyowahi kuwa nayo ilikwama katikati ya mazoezi: silinda ikagoma kufunguka, na ndani mna risasi mbili hazijapigwa. Chanzo kilikuwa kile kifimbo cha kutolea maganda, kilichokuwa kimejifungua taratibu kwa mtikisiko mpaka kikazuia silinda kutoka. Mtu anayesimamia uwanja wa shabaha alinisaidia kukikaza kwa vidole kupitia mbele, silinda ikafunguka. Dawa yake ni tone la gundi ya skrubu na kukikagua kila unaposafisha. Ukiwa unasafisha, piga brashi chini ya ile nyota inayosukuma maganda. Chembe chache za baruti zikiganda pale, silinda inakuwa nzito kuzunguka, na mwenye bastola hukimbilia kulaumu kiwanda.

Jambo ninalogombana nalo sana na marafiki ni uzito. Watu hununua rivolva nyepesi kabisa, za chini ya gramu 500, kwa sababu ni tamu mfukoni. Kisha wanapiga risasi kumi, kiganja kinauma, na bastola hairudi tena uwanjani. Kama ni silaha yako ya kwanza, nunua nzito ya chuma. Mwili mzito humeza mrusho wa bastola kurudi nyuma, na utafanya mazoezi kwa kupenda. Ile nyepesi inamfaa aliyekwisha kuwa na mkono.

Na kabla hujatoa pesa, zunguka kwenye kabati la zilizotumika uone kama kuna Smith & Wesson Model 10. Ukoo wake unaanzia 1899, zimetengenezwa zaidi ya milioni sita, na idara nyingi za polisi ziliziuza zilipohamia bastola za magazini. Nje utaona rangi imelika kwenye kona kwa kuingia na kutoka alani kila siku, lakini nyingi zilibebwa sana na kupigwa kidogo. Bei zimepanda, ila ukipata moja iliyopita ukaguzi niliouelezea, kwangu mimi inaishinda mpya yoyote ya bei hiyohiyo.

Bajeti isiishie kwenye bastola. Huku kwangu risasi moja ya .38 inakula nusu dola au zaidi, na .22 haifiki hata theluthi ya hiyo, ndiyo maana wengine wanamiliki zote mbili. Weka na fedha ya kisanduku cha chuma chenye kufuli. Nyumba zetu hazikauki watoto wala wageni, na droo ya kitandani si mahali pa kuweka silaha.

Kuna na sheria. Mwenye kadi ya ukazi wa kudumu anaruhusiwa kununua, ila dukani lazima awe mkazi wa jimbo analonunulia bastola hiyo. Aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo kwa mfano, kwa kawaida haruhusiwi hata kumiliki, ukiondoa mambo machache kama leseni ya uwindaji. Fomu 4473 utakayojaza dukani inauliza waziwazi kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Shemeji akikupa fedha umnunulie kwa jina lako, mkatalie hapo hapo hata kama ni mtu mwema, kwa sababu kudanganya hivyo kwenye fomu kuna kifungo cha hadi miaka 10, na tangu 2022 hufika miaka 15 ukijua kwamba unayemnunulia haruhusiwi kumiliki, na kwa asiye raia uhamishoni nao unakuwa karibu.