Ng'ombe akikojoa damu, usikimbilie sindano

Juzi usiku kijana mmoja wa mji wa Kiwanja kaniandikia: "Jambo Mama, ng'ombe wangu anakojoa damu tangu jana, tumemchoma antibiotiki mara mbili hakuna kitu, nimpeleke kwa wachinjaji kabla hajafa?" Nilimjibu palepale kwa sauti, halafu nikaona heri niiweke na hapa, juu najua wengi mnaonisoma tuko pamoja kwenye hii kazi ya maziwa, mmejinyima mpaka mkapata Frizoni wenu, ng'ombe wa maziwa wa kizungu, na mnataka siku moja Goma yote inywe yaghurti yenu. Na mimi nataka hivyo hivyo. Ndiyo maana hili jambo linaniuma.

Na mimi yalinikuta kwa ng'ombe wangu, Furaha. Huyo hatoki nje. Analala kibandani hapa Mugunga, mtaa wa Goma, juu ya haya mawe ya volkano, majani analetewa kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Asubuhi moja mkamuaji akaniita, maziwa yamekatika karibu yote, masikio yamelala, anahema haraka, tukaweka termometri ikapanda mpaka 41. Mchana akakojoa. Mkojo mwekundu wa kukolea, na povu ambalo halitaki kuisha. Nikakinga kidogo kwenye chupa ya maji inayoonyesha, nikaiweka dirishani mpaka jioni. Ilibaki nyekundu toka juu mpaka chini, haikujitenga. Hii muishike sana: damu ya kidonda cha kibofu ukiiacha itulie inazama chini na juu panabaki peupe, lakini ikibaki na rangi yote namna ile, chembe za damu zimepasukia ndani ya mishipa na rangi yake ndiyo inatokea kwenye mkojo.

Sasa watu. Jirani wa kwanza akasema kalishwa sumu. Wa pili akasema wivu wa watu, niite wa kuombea. Baba mdogo, namheshimu sana lakini siku ile aliniumiza, akasema "muuze leo, kesho utauza ngozi." Akaja na mmoja anayezunguka na mfuko wa sindano mtaani, hakugusa mnyama, hakuangalia ufizi, akavuta antibiotiki kwenye seringi na kuniambia bei. Nikamwambia hapana. Akanicheka mbele ya watu, "mama wa mtandao anajua kuliko sisi." Sijasahau mpaka leo, na sina haja ya kusahau.

Nilimwita veterineri mwenye mikroskopi. Akapiga magoti, akafungua mdomo wa Furaha, ufizi mweupe kabisa na weupe wa macho umeanza kwenda njano. Akatoboa kidogo ncha ya sikio, tone moja la damu kwenye kioo, akalisambaza kwa kioo kingine, likakauka, akaenda kulipaka rangi ya Giemsa. Baadaye akaniita niangalie na mimi. Ndani ya chembe nyekundu za damu kuna vijidudu viwili viwili, vyembamba upande mmoja, vimegusana kwenye ncha. Babesia hiyo. Jina limetoka kwa daktari Victor Babeș wa Romania, aliyeviona kwenye damu ya ng'ombe mwaka 1888, na mwaka 1893 Wamarekani Smith na Kilborne wakathibitisha kwamba anayevibeba ni kupe. Zaidi ya miaka mia, wandugu, na huku kwetu bado tunauliza nani kamlisha sumu!

Hapa njo ushauri wangu wote ulipo: damu itolewe KABLA ya sindano. Ukishachoma dawa ya babesia vijidudu vinapungua haraka, kioo kitaonekana safi na hutajua tena ulikuwa unapigana na nini. Na homa za kupe hazifanani dawa. Ndigana kali inavimbisha matezi chini ya sikio na mbele ya bega, mnyama anakohoa, ina dawa yake. Ndigana baridi inaondoa damu lakini mkojo haubadiliki kuwa mwekundu, hiyo ndiyo inasikia oksitetrasaiklini. Babesia inataka diminazini au imidokabu, tena kwa kipimo cha uzito, dokta alizungusha mita kifuani kwa Furaha ndipo akavuta dawa. Antibiotiki peke yake kwa babesia ni pesa umemwaga na ng'ombe unamuua polepole. Kuna na homa mbili zinazokutana kwa mnyama mmoja, sasa wewe unayechoma kwa kubahatisha utajuaje?

Baada ya dawa homa ya Furaha ilishuka haraka, mkojo ukarudi rangi yake, damu mwilini ndiyo ilichelewa kurudi. Maji karibu, kivuli, majani mabichi, na hakuna kutembezwa. Mnyama asiye na damu ukimkokota barabarani anaweza kukuangukia njiani moyo umeshindwa, kwa hiyo msimpeleke kwa dokta kwa miguu, dokta ndiye aje. Na maziwa ya siku za dawa tulimwaga, fuateni muda ulioandikwa kwenye dawa, msiuzie watoto wa watu. Wiki hii Furaha kazaa ndama jike, mzima, na maziwa yamejaa. Waliocheka wamekuja kuomba dang'a, yale maziwa ya kwanza.

Mtaniuliza, ng'ombe wa kibandani kupe katoka wapi? Dokta alipanguapangua majani yaliyoletwa na chukudu mpaka akanionyesha watoto wa kupe wa miguu 6, wadogo mno, wameshikana kwenye ncha ya jani. Yale majani yalikatwa pale ng'ombe za wengine wanapolishwa. Na kupe huyu anayebeba babesia, anaitwa kupe wa bluu, jike wake anapitisha ugonjwa mpaka kwa mayai, wanawe wanaanguliwa nao. Akishapanda kwa ng'ombe mmoja anakaa palepale kama wiki 3 mpaka ashibe na kudondoka, kwa hiyo ukipulizia dawa mara moja kwa mwezi unamwachia nafasi ya kumaliza kazi. Puliza chini ya shingo, tumbo, kiwele, chini ya mkia, na dawa isipunguzwe kwa maji eti idumu, hivyo ndivyo kupe wanazoea.

Na binadamu je? Ndiyo, babesia inashika watu, madaktari wa Yugoslavia waliandika mgonjwa wa kwanza mwaka 1957, mchungaji wa ng'ombe aliyekuwa ameshatolewa wengu, na alikufa. Leo wengi wanaripotiwa Marekani, kwa kupe wa huko. Inaweza pia kupita kwa kuongezewa damu, lakini si kwa maziwa. Inafanana na malaria sana, hata kwenye mikroskopi. Kama unashika kupe kila siku na homa haiishi huku kipimo cha malaria kinasema hapana, mwambie daktari kazi yako, na kupe msiwapasue kwa kucha.

Ndama nao msiwaogope kupita kiasi. Wakikutana na babesia kabla ya miezi 9 hivi wengi wanaivumilia na kujenga kinga, anayekufa ni mkubwa aliyekulia pasipo kupe. Ukinunua Frizoni wa milimani juu kusikokuwa na kupe ukamteremsha chini kwenye joto, wiki za kwanza mpime homa kila asubuhi na kila jioni.