Barua kwa mwanangu: dola 6,500 za Mama Lena

Mwanangu,

Ujumbe wako wa Jumapili usiku umenikuta nimeshajilaza. Nikainuka, nikawasha taa, nikausoma tena. "Mama, kikundini tumemaliza A Raisin in the Sun. Hivi Walter angekuwa binti, Mama Lena angemkabidhi zile pesa?" Hata shikamoo hukuweka. Nikajua hapo haulizwi Mama Lena peke yake.

Kitabu hicho, mchezo wa kuigiza wa Lorraine Hansberry kuhusu Mama Lena, mjane mweusi wa Chicago, na mwanawe Walter, ninacho tangu nikifundisha, jalada nimelishona kwa uzi mweusi. Nimekisoma chote upya kwa siku mbili, ndipo nikachukua kalamu.

Jibu ni hapana, asingempa. Na si jambo la kukisia, maana binti yumo humo humo nyumbani. Beneatha ana miaka ishirini, anasoma chuo, anataka kuwa daktari. Mama Lena anamwona kila asubuhi. Hundi ya bima ya maisha ya marehemu mumewe inakuja, dola 10,000. Anatoa 3,500 kulipia kianzio cha nyumba kule Clybourne Park, mtaa wa wazungu. Zinabaki 6,500. Anampa Walter zote, anamwambia 3,000 aziweke benki kwa masomo ya dada yake, zilizosalia azisimamie mwenyewe, na kuanzia leo awe ndiye kichwa cha nyumba.

Hebu tazama njia ziliyopita zile 3,000. Ni ada ya Beneatha, lakini hazikupita mkononi mwa Beneatha. Zimepitishwa kwa kaka, yule yule ambaye mwanzo wa mchezo alimfokea kwamba kama anapenda sana kushughulika na wagonjwa, si akawe nesi kama wanawake wenzake, au aolewe anyamaze. Darasani mstari ule nilikuwa naupita mbio, wanafunzi wanacheka, tunaendelea. Juzi nilipoufikia nilifunga kitabu nikaenda kuchemsha chai.

Mama Lena si mjinga, na wala hampendi mtoto mmoja kuliko mwingine. Alikuwa anamtazama mwanawe akifa huku anatembea. Mwanamume wa miaka thelathini na mitano, kazi yake kumwendesha mzungu na kumfungulia mlango wa gari. Mtoto wake Travis analala kwenye kochi la sebuleni, choo wanapanga foleni na majirani. Asubuhi anamweleza mkewe ndoto zake, Ruth anamwambia ale mayai yake. Siku tatu haendi kazini, anashinda anaendesha gari huku na huko, jioni yuko baa. Mama akaona dawa ni pesa. Ukimpa mwanamume pesa, umemrudishia uanaume wake. Wangapi wetu tumeiamini dawa hiyo?

Na Ruth, ambaye hamkumtaja, ndiye ninayemwonea uchungu zaidi. Ana mimba ya pili, ameshampa mwanamke mmoja dola 5 za kianzio ili aitoe, kwa sababu nyumba haina nafasi ya mtoto mwingine. Mama Lena anamtaka Walter aseme neno, aseme kama baba yake angesema. Anakaa kimya. Mamlaka yote ya nyumba ile yanamngoja mtu ambaye hana la kusema, na wanawake wawili wamesimama wanamtazama mdomoni.

Mwandishi aliyajua haya kwa kuyaishi. Lorraine Hansberry alikuwa mtoto mdogo mwaka 1937 baba yake, Carl, aliponunua nyumba Chicago kwenye mtaa ambao wazungu walikuwa wamewekeana mkataba wa kutomuuzia mtu mweusi. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1940 baba akashinda. Vitabu vya sheria mpaka leo vinaiita kwa jina lake. Lakini binti, alipokuja kukumbuka miaka ile, aliandika habari za mama yake, aliyekuwa akizunguka ndani ya nyumba usiku kucha na bastola iliyojaa risasi, analinda watoto wanne, wakati baba yuko Washington na mawakili. Kwa hiyo mtu asiniambie Hansberry hakuona alichokuwa anaandika. Machi 11, 1959 mchezo ulipofunguliwa Broadway, kwenye majumba ya maigizo ya New York, alikuwa na miaka 28, mwanamke mweusi wa kwanza kuandika mchezo ukachezwa hapo.

Unajua kilichofuata. Walter hakufika benki. Zote 6,500, pamoja na za dada yake, alimpa Willy Harris wafungue duka la pombe, na Willy akatokomea. Lindner, mtu wa chama cha wakazi wazungu wa Clybourne Park, alishataka kuwalipa ili wasihamie, na sasa Walter anakaribia kukubali. Mwishoni, mtoto wake Travis akiwa amesimama mbele yake, anakataa. Watu hupiga makofi hapo, na mimi nilipiga miaka yote. Mama Lena anamwambia Ruth kwamba leo mwanawe amekuwa mwanamume kweli. Sawa. Ada ya Beneatha je? Wanatoka wanahamisha vyombo, yeye anasema habari za kwenda Nigeria na Asagai, rafiki yake Mnigeria, akawe daktari huko, kaka yake anamkatisha kwamba bora aolewe na mwenye pesa. Wanaondoka wanabishana. Za benki hakuna anayezitaja.

Kuna jambo nililitafuta safari hii nikipekua ukurasa kwa ukurasa. Siku anampa Walter pesa, Mama Lena anamwambia waziwazi: nimekukosea, mwanangu, nimekutenda kama dunia inavyokutenda. Nikatafuta anapomwambia Beneatha hivyo. Hakuna. Beneatha, pesa zake zimeshakwenda, anaposema huyu si kaka yangu tena, anachopewa ni somo: mtu hapendwi siku amefanikiwa, anapendwa siku ameanguka. Maneno mazuri sana, niliwakaririsha wanafunzi miaka nenda rudi. Sikuwahi kuyasoma nikiwa nimekaa kwenye kiti cha Beneatha.

Mafao ya marehemu baba yako yalitoka mwaka uliomaliza kidato cha sita. PCB yako, fizikia, kemia na baiolojia, ilikuwa nzuri, barua ya udaktari ulishaipata, uliiweka juu ya kabati kwenye bahasha ya kaki. Baba zako wadogo wakakaa hapa barazani wakasema nyumba haiwezi kukaa bila mwanamume wa kuitazama. Kaka yako alikuwa hana kazi, ameanza kushinda vijiweni. Nikanunua kile kipanya, basi dogo la abiria, akiendeshe. Nikakuambia gari ikizaa, tunalipa ada. Haikumaliza mwaka, injini ikanoki, ikawekwa juu ya mawe nyuma ya jiko, kuku wakawa wanataga kwenye kiti cha dereva. Nakumbuka wewe ndiye ulikuwa unaokota yale mayai, asubuhi, kabla ya kwenda kufundisha tuisheni. Miaka miwili. Halafu ukaenda uuguzi kwa pesa zako mwenyewe.

Uuguzi si kitu kidogo, nimelazwa, najua nani alinigeuza usiku. Lakini hukuuchagua. Niliuchagua mimi, pamoja na wazee wa barazani, na wewe ulikuwa chumba cha pili unasikia kila kitu. Nisingemfanyia hivyo kaka yako. Angekuwa yeye ana ile bahasha juu ya kabati, ningeuza hata bati.

Nilikukosea, mwanangu. Nisamehe. Nimechelewa kwa miaka kumi na minne, na naandika kwa sababu kwenye simu ningelia ukanihurumia, ukasema yameisha, mama.

Kaka yako nimemsomea barua hii kabla sijaifunga. Alinyamaza, akaenda kukaa nje. Sijui anawaza nini, hilo ni lenu wawili.

Karatasi za kiwanja cha Pongwe ziko kwangu, ndani ya sanduku la bati. Wazee hawajaulizwa na hawataulizwa. Ukija Desemba uje na namba yako ya NIDA na picha mbili ndogo, mwenyekiti wa mtaa yupo siku zote isipokuwa Ijumaa mchana.

Mama yako