Je, Ganda Kubwa la Tabo Huongeza Nguvu ya Injini?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaendesha Fuso lenye injini ya dizeli ya lita 4, nikibeba dagaa kutoka Mwanza kwenda Bukoba. Siku hizi likipanda mlima na mzigo hutoa moshi mweusi na halichanganyi upesi. Fundi wangu amepata ganda la tabo (kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa eksozi ili kuishindilia injini hewa) la upande wa hewa, kubwa kuliko langu, naye anasema nikilifunga injini itapumua vizuri. Nikubali?
Msomaji, Igoma, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, tunakuomba usikubali. Kinachosukuma hewa ni feni iliyo ndani ya ganda. Ganda lenyewe, lenye umbo la konokono, huikusanya hewa inayorushwa na feni na kuipunguzia mwendo ili mwendo huo ugeuke kuwa shinikizo. Kwa hiyo upana wa njia yake peke yake hubadilisha mambo kidogo tu, tofauti na upande wa eksozi, ambako ganda dogo huiamsha tabo mapema lakini huibana injini inapokwenda mbio, na kubwa huichelewesha.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni mwanya. Kati ya ncha za feni na ukuta wa ganda lake huachwa nafasi ndogo sana, pungufu ya milimeta moja. Ukiiweka feni yako katika ganda lililochongwa kwa feni kubwa, hewa iliyokwisha kushindiliwa itarudi nyuma kupitia mwanya huo, injini itapata hewa pungufu, tena ya moto zaidi, na moshi utazidi. Kubadilisha vyote viwili nako kuna mpaka wake: injini yako, ikizunguka mara 2,800 kwa dakika, haiwezi kupokea zaidi ya lita 5,600 hivi za hewa iliyoshindiliwa kwa dakika, na feni kubwa mno huirudisha hewa kwa vishindo vinavyoumiza beringi.

Kumbuka pia kwamba Mwanza iko takriban meta 1,140 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10, hivyo tabo hapa hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufikia shinikizo lilelile. Uvujaji mdogo huonekana haraka.

Anzia hapo. Kagua eya klina (chujio la hewa), kisha mipira yote hadi kwenye intakula, yaani kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo. Penye alama ya oili iliyoshika vumbi karibu na klipu, mara nyingi ndipo hewa inapotokea. Osha mapezi ya intakula, kwani wale wadudu wadogo wanaopanda kama moshi juu ya ziwa hunasa humo. Mwisho, injini ikiwa imezimwa na kupoa, fungua mpira wa kuingizia hewa na uzungushe feni kwa kidole: ikikwaruza ukuta, tabo yako imechoka, na inayofaa ni nzima ya kipimo kilekile cha injini yako.