Kabla ya kuhesabu megawati, uliza nani atanunua betri ya pili

Vijana wanaoingia kwenye kazi za nishati safi kupitia mashirika ya maendeleo huniuliza wajikite wapi: teknolojia ya sola, sera za tabianchi, au uandishi wa maandiko ya miradi. Nimewajibu wote kitu kimoja. Jifunze kufuatilia fedha na matengenezo. Kwa hesabu za IRENA, shirika la kimataifa la nishati jadidifu, gharama ya kuzalisha umeme kwa mitambo mikubwa ya jua ilishuka kwa takriban asilimia 90 kati ya 2010 na 2023, kwa hiyo paneli si kikwazo kama zamani. Miradi inaangushwa na yale yanayofuata baada ya utepe kukatwa: nani analipa, nani anatengeneza, kwa fungu lipi, kwa sarafu gani.

Chukua sola za vituo vya afya, kazi ambayo wengi wetu tunaanzia. Nimevikagua vya kutosha, na ninachokikuta hufanana mno. Juu ya paa paneli ni nzima, zina vumbi tu. Kwenye kichumba cha nyuma betri za risasi (zile za asidi, kama za magari) zimevimba ubavuni, vichwa vyake vimeota unga wa kijani na mweupe, na kidhibiti chaji kinawaka taa nyekundu ambayo watumishi wameshaizoea. Usiku mkunga anazalisha kwa tochi ya simu. Ukiuliza historia, unaambiwa mfumo ulipimwa kwa ajili ya taa na friji ya chanjo. Baadaye ikaongezwa televisheni ya wagonjwa, kisha soketi za kuchajia simu, kisha waya ukavutwa mpaka nyumba ya mtumishi. Betri ya risasi ikikamuliwa hivyo kila usiku na isijae vizuri mchana, sahani zake hujifunika salfeti na uwezo wake huisha mapema sana. Ya lithiamu huvumilia zaidi, lakini nayo ina mwisho wake.

Simlaumu mkunga wala mtumishi aliyevuta waya. Mtu mwenye kituo chenye umeme atautumia, na ni haki yake. Tatizo liko kwenye jedwali la bajeti: kuna mstari wa ununuzi, wa usafirishaji, wa ufungaji, wa mafunzo ya siku chache, kisha mradi unafungwa. Mwaka wa tano haumo. Wizara ya afya inadhani betri ni mali ya wizara ya nishati, wizara ya nishati inajua kituo ni cha afya, na mfadhili ameshafunga hesabu zake. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani, Benki ya Dunia, IRENA na SEforALL, shirika linalohimiza nishati kwa wote, walitoa ripoti ya pamoja iliyoonyesha kwamba watu karibu bilioni 1 katika nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini wanahudumiwa na vituo visivyo na umeme wa uhakika, au visivyo nao kabisa. Naamini kabisa kwamba sehemu ya vituo hivyo iliwahi kupokea mradi wa mtu.

Kwa hiyo ukishika andiko la mradi, anzia kwenye jedwali la gharama kabla hujasoma utangulizi. Tafuta betri ya pili. Kama haipo, uliza kwa maandishi. Ukikuta imeandikwa "jamii itachangia", usiipite: itachangia kiasi gani kwa mwezi, nani anakusanya, akaunti ni ya nani, nani wanasaini kutoa fedha? Kama hayo hayana majibu, mchango huo upo kwenye karatasi tu. Njia ninayoipendelea kuliko zote ni kumlipa mkandarasi kwa huduma: sehemu ya fedha yake inabaki, na analipwa kidogo kidogo kwa miaka kadhaa kulingana na saa ambazo umeme ulikuwepo, zikisomwa na kifaa kinachotuma taarifa kwa mtandao wa simu. Mkandarasi anayejua atalipwa mwaka wa nne hanunui betri za bei ya kutupa mwaka wa kwanza. Na pale inapowezekana, punguza vya kuharibika. Friji za chanjo zinazopokea umeme wa paneli moja kwa moja, zikahifadhi ubaridi kwenye barafu badala ya kuhifadhi umeme kwenye betri, zimeondoa tatizo lililotusumbua muda mrefu.

Sasa riba. Hapa ndipo wataalamu wengi wa mazingira na wahandisi hukimbia, na mimi nakusihi usikimbie. Mtambo wa jua hauna mafuta ya kununua. Gharama yake karibu yote inalipwa mwanzoni, kwa sehemu kubwa kwa mkopo. Ndiyo maana bei ya umeme wake inatawaliwa na bei ya fedha. Fungua lahajedwali ujaribu mwenyewe. Kopa dola milioni 1 kwa miaka 20 kwa riba ya asilimia 5: utarejesha kama dola 80,000 kila mwaka. Kopa hiyohiyo kwa asilimia 12: utarejesha kama dola 134,000. Paneli ni zilezile, jua ni lilelile, mafundi ni walewale, lakini marejesho ya mkopo, ambayo bei ya umeme lazima iyabebe, yamepanda kwa takriban theluthi mbili. Nchi zenye jua kali zaidi duniani mara nyingi ndizo zinazokopa kwa riba kubwa zaidi. Mtu anayeweza kushusha riba ya mradi kwa pointi mbili za asilimia, kwa dhamana nzuri au mkataba ulioandikwa vizuri, ana mchango mkubwa kuliko anayetafuta paneli yenye ufanisi zaidi kidogo.

Kisha kuna sarafu. Mkopo uko kwa dola au yuro, mteja analipa kwa fedha ya nchi yake. Thamani ya fedha hiyo ikiporomoka, deni linakua wakati mapato yamesimama palepale. Anayebeba hasara hiyo ni nani? Mwekezaji, shirika la umeme, hazina ya serikali, au mwenye nyumba aliyeunganishwa juzi? Jibu limo ndani ya mkataba, mara nyingi kwenye kiambatisho kinachoeleza namna bei itakavyorekebishwa. Kuna taasisi kama TCX, mfuko wa kimataifa ulioanzishwa 2007 kwa ajili ya kukinga hatari hii hasa, lakini kinga hiyo nayo ina gharama. Sisemi mikopo ya fedha za kigeni ikataliwe. Nasema usikae kwenye meza ya majadiliano huku hujui hatari hiyo imeangukia upande upi.

Mnunuzi wa umeme huo kwa kawaida ni shirika la umeme la taifa, na afya ya shirika hilo ndiyo afya ya mpito mzima wa kuelekea nishati safi. Utafiti wa Benki ya Dunia wa 2016 uliangalia nchi 39 za Afrika kusini mwa Sahara na kukuta ni mbili tu, Ushelisheli na Uganda, ambazo sekta zake za umeme zilikuwa zikirudisha gharama zote za uendeshaji na za mtaji. Takwimu hiyo ina umri sasa, ila somo lake halijapitwa. Shirika lisilokusanya fedha za kutosha haliwezi kukarabati transfoma, na linapochelewa kuwalipa wazalishaji, wawekezaji wanaofuata wanadai dhamana ya serikali na riba ya juu zaidi. Ukitaka kusaidia nishati safi katika nchi yoyote, kaa na watu wa mita na bili. Kupunguza umeme unaopotea njiani au kuibwa hakupigiwi picha, lakini kunaweza kuipa nchi kile ambacho mtambo mpya ungeipa, kwa gharama ndogo zaidi.

Mfano wa mambo haya kushikana ni mradi wa upepo wa Ziwa Turkana nchini Kenya. Mitambo 365, megawati 310, na upepo wa ajabu. Mitambo ilikamilika 2017, lakini njia ya kusafirisha umeme kutoka Loiyangalani hadi Suswa ikaanza kufanya kazi Septemba 2018. Katika kipindi hicho mkataba wa kununua umeme ulikuwa unaendelea kuhesabu malipo, na Kenya ikalazimika kulipa fidia ya umeme usioweza kufika popote. Oktoba 2021 mahakama ya mjini Meru ikaamua kwamba hati za ardhi ya mradi zilipatikana bila kufuata utaratibu. Mradi huo unaingiza umeme mwingi safi kwenye gridi, na sina hamu ya kuubeza. Ila ukiusoma kwa makini unaona maswali mawili ambayo yanapaswa kuwa na majibu kabla nguzo ya kwanza haijasimama: waya utakuwa tayari lini, na wenye ardhi wamekubali kwa utaratibu upi.

Kuhusu wafanyakazi wa makaa ya mawe, soma habari za Komati, Afrika Kusini. Kituo hicho cha umeme wa makaa kilizimwa Oktoba 2022, na Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 497 za kukigeuza kuwa cha jua, upepo na betri. Lakini ajira za mji uliojengwa kuzunguka makaa zinaondoka siku mtambo unapozimwa, na mpya zinakuja taratibu, pengine kwa watu wengine kabisa. Kwenye ubia wa mpito wa haki, makubaliano ya nchi tajiri kuzisaidia nchi zinazoachana na makaa, uliotangazwa Glasgow 2021, dola bilioni 8.5 zilizoahidiwa kwa Afrika Kusini zilikuwa kwa sehemu kubwa mikopo na dhamana. Misaada isiyorejeshwa ilikuwa kama asilimia 4. Mikopo hujenga mitambo inayoingiza mapato. Mafunzo ya fundi wa miaka hamsini, au duka lililokuwa likiuzia wafanyakazi wa zamu, hayana mapato ya kulipia mkopo. Ukiwa kwenye timu inayopanga mpito wa namna hiyo, pigania fungu la misaada liende huko kwanza, na lifike kabla mtambo haujazimwa.

Nishati safi ya kupikia ingestahili makala yake, maana ndiyo iliyo nyuma kuliko zote: watu wapatao bilioni 2.1 bado wanapikia nishati yenye moshi, na Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 3.2 kwa mwaka 2020 kutokana na hewa chafu ya majumbani. Nitasema moja tu. Usihesabu majiko yaliyogawiwa, hesabu milo. Kaya nyingi zinapokea jiko jipya na kubaki na la zamani, kwa sababu za maana: gesi inaisha katikati ya mwezi, sufuria kubwa haikai, chakula kinachochemka muda mrefu kinakula fedha. Ukitembelea nyumba, tazama majivu kama ni ya leo. Kisha muulize anayepika, si anayejibu mlangoni. Utafiti uliochapishwa Januari 2024 katika jarida la Nature Sustainability ulipima sampuli ya miradi ya majiko inayouza hati za kaboni (hati za hewa chafu iliyopunguzwa, ambazo wengine hununua kufidia ya kwao) na kukuta manufaa yalikuwa yamekadiriwa kupita kiasi takriban mara tisa. Kutopima matumizi halisi kulichangia pakubwa, na matokeo yake hata miradi inayofanya kazi vizuri sasa inatiliwa shaka na wanunuzi.

Mwisho, kazi yako mwenyewe. Mwaka 2025 umetufundisha kwa ukali. Marekani ilivunja USAID, shirika lake la misaada, na mpango wake wa kupanua umeme Afrika, Power Africa, ulioanza 2013 ukaenda nalo; mwezi Machi mwaka huohuo ikajitoa kwenye ubia wa mpito wa haki wa nishati. Wenzetu wenye ujuzi mkubwa walijikuta nyumbani ndani ya wiki chache, na mifumo ya takwimu waliyoitunza ikazimika pamoja na ajira zao. Wakati huohuo kazi haikupungua. Mission 300, mpango wa Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika, unataka kuwafikishia umeme watu milioni 300 barani Afrika ifikapo 2030, na nchi zilizotia saini mipango yake zinahitaji watu wa kuitekeleza.

Ushauri wangu ni kwamba usijenge maisha yako yote upande wa mfadhili. Pitia miaka kadhaa kwenye mamlaka ya udhibiti wa nishati, shirika la umeme, idara ya mikopo ya benki ya biashara, au kampuni ya gridi ndogo. Mshahara unaweza kuwa mdogo na hakuna safari za mikutano, lakini huko ndiko bei ya umeme inakopangwa na mikataba inakosimamiwa, na ujuzi huo haufutwi na uchaguzi wa nchi nyingine. Kama huna pa kuanzia, tafuta mkataba wa kuuziana umeme uliowekwa wazi kwa umma, kwa kuwa baadhi ya nchi huweka mikataba hiyo wazi. Usome vipengele vinne: bei na namna inavyorekebishwa, malipo ya umeme usiochukuliwa, dhamana, na kuvunjika kwa mkataba. Kisha mtafute mhasibu wa shirika linalonunua umeme huo, akueleze bili ya mwezi uliopita ililipwa kwa fedha gani na ilichelewa siku ngapi.