Krediti 22 na yaliyo nyuma yake: maswali ya wazazi wa Kentucky

Maswali ya safari hii yametoka kwa wazazi wenye watoto katika sekondari za umma za Louisville, Lexington na Bowling Green. Majibu yanafuata kanuni za Kentucky. Ndugu zetu wa Ohio, Texas na kwingineko wasiyachukue kama yalivyo, maana kila jimbo la Marekani lina kanuni zake.

Kila mkutano wa shule tunasikia "vigezo vya jimbo". Ni kitabu au ni mtihani? (Baba, Bowling Green)

Si kitabu wala si mtihani, Baba. Ni orodha ya mambo ambayo mwanafunzi anatakiwa kuyajua na kuyaweza afikapo mwisho wa kila darasa. Hisabati ya darasa la 8, kwa mfano, inamtaka afumbue mlinganyo wenye herufi moja isiyojulikana. Kusoma kwa darasa la 9 na la 10 kunamtaka aonyeshe ni maneno gani ndani ya andiko yanayobeba hoja yake. Vitabu na namna ya kufundisha huamuliwa wilayani na shuleni.

Mwaka 2009 bunge la Kentucky lilipitisha sheria iitwayo Senate Bill 1, kwa sababu vijana wengi walikuwa wakimaliza shule na diploma mkononi, kisha chuo kinawarudisha kwenye masomo ya marudio wanayoyalipia bila kupata krediti, yaani hayahesabiwi kwenye shahada yao. Sheria iliweka lengo la kupunguza hali hiyo kwa nusu kufikia 2014. Februari 2010 Kentucky ikawa jimbo la kwanza kupokea Common Core, yaani vigezo vya pamoja vya majimbo mengi, na sheria nyingine ya 2017 ikaagiza vigezo vipitiwe upya kwa zamu. Leo vinaitwa Kentucky Academic Standards.

Kwako mzazi, maana yake ni hii: alama A kwenye ripoti inaweza kutokana na nidhamu na kazi za nyumbani zilizokamilika. Muulize mwalimu swali la pili: "Je, amefikia kigezo cha darasa lake?"

Mtoto wangu yuko darasa la 10. Anahitaji nini hasa ili ahitimu? (Mama, Louisville)

Jimbo linadai angalau krediti 22, na wilaya inaruhusiwa kuongeza. Krediti moja ni somo moja alilosoma mwaka mzima na kulifaulu. Zimegawanywa hivi: Kiingereza 4, hisabati 4, sayansi 3, masomo ya jamii 3, sanaa 1, afya nusu, elimu ya viungo nusu, na 6 zinazofuata mwelekeo wa masomo au kazi anayoitaka. Juu yake kuna elimu ya uraia na elimu ya fedha. Masharti ya hizo mbili hutofautiana kulingana na mwaka mtoto alioingia darasa la 9, kwa hiyo mtajie kaunsela, yaani mshauri wa wanafunzi shuleni, mwaka huo kabla ya kuuliza lolote.

Mama, jumla peke yake haitoshi. Tunawaona wanafunzi wenye krediti 23 ambao hawawezi kuhitimu kwa sababu wamekosa moja ya hisabati. Hisabati ndiyo inayowaangusha wengi: Algebra I na jiometri ni lazima, kisha mbili nyingine. Akifeli Algebra I darasa la 9, lazima airudie, na mwaka mmoja umepungua. Rudio hilo lifanyike likizo ya kiangazi hiyo hiyo, lisingoje darasa la 12. Na hata akizipata zote nne, angalia zina majina gani. Ikiwa ya tatu na ya nne ni masomo mepesi ya hesabu za maisha, atahitimu, lakini chuo kitamkuta hajagusa Algebra II.

Mtego wa pili ni madarasa ya Kiingereza kwa wageni, yale ya ESL. Mengine huingizwa kwenye transkripti, yaani orodha rasmi ya masomo na alama zake, kama krediti ya Kiingereza, mengine kama somo la hiari tu. Mtoto anaweza kukaa humo miaka miwili, akafaulu vizuri, na bado akadaiwa Kiingereza I. Omba transkripti kila Januari na kila Juni, weka kidole kwenye kila somo, na uulize: "Hili linajaza nafasi ipi?"

Kijana wangu alisoma kambini Nyarugusu. Amefika na miaka 17 na wamemweka darasa la 9. Je, miaka yake imepotea? (Baba, Lexington)

Haijapotea, lakini usikae kimya. Sheria ya Kentucky inampa nafasi katika shule ya umma hadi atimize miaka 21 ikiwa hajahitimu. Fanya hesabu: shule yenye vipindi saba kwa siku humpa krediti 7 kwa mwaka, yaani 21 kwa miaka mitatu. Anapungukiwa moja tu. Shule yenye vipindi sita humpa 18, anapungukiwa nne. Kwa hiyo krediti chache zikitambuliwa kutoka kambini, zinaweza kuamua kama atamaliza na miaka 20 au atafikisha 21 akiwa bado darasani.

Wakimbizi wa Kongo walioko Nyarugusu, Tanzania, husoma kwa mtaala wa Kongo, hivyo buletini zake, yaani ripoti za alama, huenda ziko kwa Kifaransa. Peleka zote, hata zilizochakaa, na uombe shule izitafsiri na kuzitathmini kwa maandishi. Kama karatasi zilibaki njiani, omba apewe mtihani wa somo husika. Kijana aliyesoma aljebra kwa Kifaransa anaijua aljebra. Kilichobaki ni maneno ya Kiingereza.

Akishauriwa aache shule afanye GED, mtihani wa cheti kinachoshika nafasi ya diploma ya sekondari, jua kwamba huo ni uchaguzi wake. Maadamu hajafika 21, mlango wa sekondari bado uko wazi.

Binti yangu ana alama nzuri darasani, lakini kwenye ACT, mtihani wa kuingilia chuo, amepata 14. Tunaambiwa hayuko tayari kwa chuo. (Mama, Louisville)

Kuhitimu ni jambo moja, kuwa tayari ni jingine. Vyuo vya umma vya Kentucky vimekubaliana viwango vya ACT: Kiingereza 18, kusoma 20, hisabati 19. Hiyo 19 ni ya hisabati ya jumla. Aljebra ya chuo, ambayo fani nyingi za sayansi huidai, inataka 22, na kalkulasi 27. Aliye chini ya viwango hivyo hafungiwi chuo moja kwa moja. Huwekwa kwenye kozi yenye krediti pamoja na saa za msaada.

Kabla hajarudia, uliza kama alipewa haki zake. Mwanafunzi anayejifunza Kiingereza anaweza kuombewa muda wa ziada, mara moja na nusu ya muda wa kawaida, na kamusi ya neno kwa neno iliyoidhinishwa. Anayeomba ni shule, na lazima iombe mapema, si asubuhi ya mtihani. Wengi hukosa kwa sababu hakuna aliyeuliza. Jimbo huwalipia wanafunzi wote wa darasa la 11 mtihani mmoja wa kuingilia chuo. Kwa miaka mingi ulikuwa ACT, kwa hiyo thibitisha shuleni ni upi kwa mwaka wake.

Kuna fedha za chuo zinazotokana na alama? (Baba, Louisville)

Zipo, zinaitwa KEES, na huanza kuhesabiwa darasa la 9. Kila mwaka wa sekondari ambao GPA yake, yaani wastani wa alama, ni 2.5 au zaidi, anajiwekea kiasi: 2.5 ni dola 125, 3.0 ni dola 250, 4.0 ni dola 500. ACT huongeza kuanzia 15. Mwenye 3.0 kwa miaka yote minne ana dola 1,000. Akipata ACT 20 anaongezewa 214. Jumla ni dola 1,214 kwa kila mwaka wa chuo, na kwa miaka minne ni 4,856. Mwaka wenye GPA 2.4 haumpi hata senti, ndiyo maana hatupendi kusikia kwamba darasa la 9 ni la kuzoea tu.

Hakuna fomu ya kuomba. Shule ndiyo hutuma alama. Hakikisha jina na nambari ya Social Security shuleni vinalingana na hati zake. Anatakiwa awe raia au mkazi wa kudumu, basi mkimbizi aombe kadi ya kijani mara atimizapo mwaka mmoja nchini.

Mwanangu hataki chuo, anataka kazi. (Mama, Bowling Green)

Vigezo vya jimbo vinatambua njia hiyo pia, na haina aibu. Achague njia moja ya ufundi na aifuate hadi cheti: somo moja la uchomeleaji, moja la kompyuta na moja la afya havimfikishi popote. Msaidizi wa wauguzi, kwa mfano, anahitaji mafunzo ya saa 75, zikiwemo 16 za vitendo kwa wagonjwa, kisha mtihani. Fedha za KEES zinaweza kutumika hata kwenye uanagenzi uliosajiliwa.

Sijui Kiingereza. Nitazungumzaje na kaunsela? (Mama, Lexington)

Omba mkalimani wa Kiswahili. Ni bure, na Louisville na Lexington wanao. Usimtumie mtoto mwenyewe akutafsirie habari za alama zake. Omba kikao kabla ya wiki ya kuchagua masomo ya mwaka unaofuata, na uombe uonyeshwe mpango wake binafsi wa masomo, ILP, ambao kila mwanafunzi huuanza darasa la 6. Ukikuta kazi ya baadaye iliyoandikwa humo mtoto mwenyewe haikumbuki, ibadilisheni hapo hapo, kisha mchague masomo.