Tulihama Chicago kwenda Lexington, Kentucky: hesabu yetu na yaliyotukuta

Dada uliyeuliza, swali lako nimelisoma mara mbili, maana ndilo lililotunyima usingizi mimi na mke wangu mwaka 2021. Umesema mko Chicago na watoto wawili, kodi inapanda kila mkataba ukiisha, na shemeji yako amewaambia njooni Lexington, nyumba ni bei chee na Kiswahili kimejaa mjini. Unauliza kama ni kweli na kama mtajuta. Nitakueleza yaliyotupata sisi, na namba nitakazotaja ni za mfukoni kwetu.

Nyumba ni nafuu, hilo kweli. Kiswahili kipo, tena kingi kuliko unavyofikiri. Ila usifunge hata boksi moja kabla hujapiga hesabu ya gari.

Chicago tulikaa Rogers Park miaka saba, ghorofa ya tatu, dakika nne kwa miguu mpaka kituo cha Howard. Vyumba viwili, dola 1,750 kwa mwezi. Mimi nilikuwa stoo ya hospitali, napanda treni ya Red Line na pasi yangu ya mwezi ya dola 105. Mke wangu anaangalia wazee, na gari moja kuukuu tulilokuwa nalo lilikuwa lake. Lexington tukapata nyumba ya vyumba vitatu kwa 1,350, na nyuma kuna uwanja wa majani. Tukasema tumeokoa dola 400, na pasi ya treni juu yake, jumla 505. Tulifurahi sana usiku ule tuliposaini.

Mwezi wetu wa pili huku tukanunua gari la pili, maana hapakuwa na namna nyingine. Mkopo 340, bima 165, mafuta kama 120. Jumla 625. Kwa hiyo ule unafuu wote ulimezwa na gari, na bado tukapungukiwa dola 120 kila mwezi. Juu ya hapo mshahara wa mke wangu ulishuka dola tatu na nusu kwa saa kwa kazi ile ile. Mwaka wa kwanza hatukuweka akiba hata senti. Nafuu ya kweli tuliiona 2024, mkopo wa gari ulipokwisha. Anayekwambia utaanza kuweka pesa tangu mwezi wa kwanza, muulize ana magari mangapi na nani anayalipia.

Kabla ya gari la pili tulijaribu basi. Mabasi yapo, yanaitwa Lextran, na madereva ni watu wazuri. Lakini njia nyingi zinakutana kituo kikuu cha Vine Street katikati ya mji, kwa hiyo ukitoka upande mmoja kwenda mwingine unaingia kwanza mjini, unasubiri, ndipo unatoka tena. Kwa wiki tatu nilikuwa natumia saa nzima na dakika arobaini kufika kazini, mahali ambapo kwa gari ni robo saa. Asubuhi moja ya mvua nilikosa basi la kuunganisha kwa dakika mbili, na jioni ile ile tukaenda kutazama magari. Chicago treni ikikuacha unasubiri nyingine hapo hapo. Huku basi likikuacha, umekwisha chelewa.

Barabara zenyewe zimekaa kama gurudumu la baiskeli. Kuna New Circle Road inayozunguka, halafu barabara nyingine zinatoka katikati na kila moja inabeba jina la mji inakoelekea: Nicholasville, Harrodsburg, Richmond, Winchester, Georgetown, Versailles. Hiyo Versailles usiitamke Kifaransa. Wakongo tunaoishi nao hapa, waliosoma Kifaransa tangu utoto, wanaitaja vizuri kabisa na hakuna anayewaelewa, mpaka waseme "Vaseilsi" kama wenyeji. Na Nicholasville Road uwe nayo makini sana: njia za katikati zinabadilika mwelekeo kufuata saa za foleni. Juu kuna taa, mshale wa kijani au alama nyekundu ya X. Njia uliyopita asubuhi kuingia mjini, jioni inaweza kuwa ya wanaotoka. Mara yangu ya kwanza nilishika usukani mpaka vidole vikauma. Mkifika, mwende Jumapili asubuhi barabara ikiwa tupu, mkajifunze.

Mambo ya serikali nitayapitia haraka. Leseni ya udereva una siku 30 kuibadilisha. Gari la jimbo jingine linakaguliwa na ofisi ya sherifu kabla ya kusajiliwa, na kila mwaka unalipia gari lako kodi ya mali unapohuisha usajili. Hiyo Illinois, jimbo la Chicago, hatukuwa nayo, ikatushtua. Mshahara unakatwa na mji asilimia 2.25, mbali na kodi ya jimbo. Kwa upande mwingine, kodi ya mauzo dukani ni asilimia 6 wakati Chicago tulilipa 10.25, na vyakula vya kupika nyumbani havikatwi. Mambo ya uhamiaji unayafuata Louisville, zaidi ya saa moja kwa barabara ya I-64.

Kama na wewe unaangalia wazee, sikiliza hapa. Ile CNA ya Illinois, yaani cheti cha msaidizi wa muuguzi, huku inaitwa SRNA, na lazima jina lako liingie kwenye daftari la jimbo la Kentucky ndipo uajiriwe. Mke wangu alidhani ni karatasi ya siku moja. Alikaa wiki tano bila kazi, na zile ndizo wiki zilizokula akiba yetu yote. Anza kufuatilia ukiwa bado Chicago.

Sasa nije kwenye kile ambacho shemeji yako hakukitaja, upweke wa miezi sita ya kwanza. Tulifika Juni. Usiku wa kwanza tulilala sakafuni, magodoro yalikuwa bado kwenye lori, na nje tulisikia nyenje tu. Hakuna treni, hakuna king'ora, hakuna jirani anayetembea juu ya vichwa vyetu. Mimi nililala kama mtoto. Mke wangu akakaa macho mpaka alfajiri, akaniambia, "Baba Salum, hapa hata nikipiga kelele nani atasikia?" Chicago alikuwa akishuka ngazi tu anakutana na mtu: Mama wa Kinaijeria wa chini, muuza matunda, wanawake wa kituoni. Huku unatoka mlangoni kwako unaingia kwenye gari, unatoka kwenye gari unaingia kazini. Inawezekana kumaliza wiki nzima hujasimama na mtu mkazungumza. Kama wewe ndiye utakayebaki nyumbani na watoto bila gari, lifikirie hili kuliko kodi ya nyumba.

Kilichotuokoa ni duka la Wakongo. Jumamosi moja ya Septemba mwenzangu kazini alinielekeza. Nilifungua mlango nikapokewa na harufu ya dagaa wakavu, nikasimama pale pale. Madumu ya mawese yamepangwa chini, magunia ya unga wa muhogo, samaki wa chumvi, sombe (kisamvu) iliyotwangwa kwenye friji. Dada wa kaunta akasema, "Karibu papa, mutafute nini?" Nikamjibu, naye akaninyooshea kidole: "Weye ni Mtanzania!" Kumbe alikulia Nyarugusu, kambi ya Kigoma. Alipoanza kuniuliza habari za Kigoma alibadilisha lugha palepale, akazungumza kama mtu wa kwetu. Huku kuna wengi wa namna hiyo: wazazi wametoka Uvira, Fizi au Bukavu, watoto wamezaliwa au kukulia kambini Tanzania, sasa wako Kentucky. Mke wangu aliingia dukani kununua sombe, akatoka baada ya saa mbili ana namba za simu sita. Tangu siku hiyo sikumsikia tena akisema turudi.

Uliuliza kuhusu lugha ya watoto. Salum wangu alikuwa na miaka minane tulipohama, na Chicago alikuwa ameshakataa Kiswahili kabisa. Ukimsemesha anajibu Kiingereza. Tulimkaripia, tukamwahidi zawadi, tukachoka. Huku darasani alikuta watoto watano wanaoongea Kiswahili uwanjani wakicheza mpira. Fomu za shule zinakuja nyumbani kwa Kiswahili. Mwezi Novemba, tuko mezani, akasema bila kuinua kichwa, "Baba, minataka maji." Minataka! Mke wangu akataka kumsahihisha, aseme "nataka" au "naomba". Nilimgusa mkono anyamaze. Nikainuka nikamletea maji, na nilikaa muda jikoni nikijifuta uso. Leo anaongea Kiswahili cha Uvira na cha Bagamoyo vimechanganyika, na bibi yake kwenye simu anamwelewa. Hilo pekee kwangu linalipa ile 120 ya kila mwezi.

Kuna ndugu mwingine ameuliza hapa juu kuhusu sisi weusi kuishi Kusini. Swali lake ni la haki. Kentucky haikujitenga na Muungano wa Marekani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, lakini utumwa ulikuwepo, na Lexington ilikuwa mojawapo ya masoko makubwa ya watu katika jimbo. Soko lilikuwa Cheapside, katikati ya mji, pembeni ya mahakama ya zamani. Sanamu za wanajeshi wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga, zilizosimama pale, ziliondolewa Oktoba 2017, na mwaka 2020 uwanja ukapewa jina la Henry Tandy, mtu aliyezaliwa utumwani akawa mjenzi, na matofali ya mahakama hiyo ni kazi yake. Jumamosi wakulima wanauza nyanya na mahindi hapo hapo. Mimi ni mtu wa Bagamoyo, nimekua nikipita walipopitishwa watu kwa minyororo kwenda kuuzwa. Siku ya kwanza nilipomshika Salum mkono tukanunua mahindi Cheapside, mwili ulinisisimka kama ninavyosikia nikiwa kule kwetu. Nikamweleza yote. Nikampeleka pia kwenye bustani ya Isaac Murphy, mpanda farasi mweusi wa mji huu aliyeshinda mbio kubwa za farasi za Kentucky Derby mara tatu, 1884, 1890 na 1891. Mtoto anaona farasi kila siku kando ya barabara, nataka ajue walioupa mchezo huu jina mwanzoni walikuwa watu kama yeye.

Kwa maisha ya kila siku, sisi hatujatukanwa. Tumeangaliwa, ndiyo, hasa tukitoka nje ya mji kwenye vijiji. Lakini watu wa hapa wanasalimia. Keshia anakuuliza umeamkaje na anasubiri jibu. Ukipita bila salamu unaonekana huna adabu, na kwa hilo sisi hatuhitaji kufundishwa. Jirani yetu wa kushoto, mzee wa Kizungu, karibu miaka miwili tulikuwa tunapungiana mikono tu. Tarehe 3 Machi 2023 ulikuja upepo mkali ukaangusha miti mji mzima, na kwetu umeme ukakatika siku nne. Siku ya pili mzee akagonga mlango, kavaa koti la mvua, waya mrefu umezungushwa begani. Alikuwa na jenereta. Akapitisha waya juu ya uzio, akasema tuchomeke friji, chakula cha watoto kisiharibike. Mke wangu akampelekea chapati. Siku hizi akiona gari letu halipo siku mbili anapiga simu.

Mengine ya kujiandaa: chavua. Bonde hili la mto Ohio linajulikana kwa mafua ya chavua, na mke wangu ambaye Chicago hakuwahi kuugua, kila Aprili macho yanavimba. Kiwanja cha ndege kipo, kizuri na kidogo, lakini hakuna ndege ya nje ya nchi. Mama yangu alipokuja tulimfuata Chicago, saa sita barabarani, maana ndege ya Addis Ababa inatua kule. Na kama mume wako anatafuta kazi ya kiwandani, kiwanda cha Toyota kiko Georgetown, kaskazini kidogo. Wengi wetu wapo huko au kwenye viwanda vinavyokitengenezea vipuri. Aulize mapema kama ataajiriwa na kiwanda au na wakala. Mimi nilianza kwa wakala mmoja aliyeniahidi ajira ya kudumu baada ya siku 90. Nikakaa miezi kumi na moja bila bima ya afya.

Ushauri wangu basi: msihame kwa kusimuliwa. Njooni wiki moja, mwezi Februari kama mnaweza. Aprili na Oktoba kuna mbio za farasi Keeneland, mji umepambwa, hoteli ghali, na kila mgeni anaondoka ameupenda. Februari mtaiona kama ilivyo. Pandeni basi siku moja kutoka nyumba mnayoitaka hadi kazini, mpime kwa saa. Nendeni duka la Wakongo Jumamosi, na kanisani au msikitini, muone kama kuna watu mtakaokaa nao. Halafu rudini Chicago mkapige hesabu na magari mawili ndani yake.

Mambo ya SRNA yaulize hapa hapa chini, nitamwita mke wangu ajibu mwenyewe, ana karatasi zote. Ila yuko zamu ya usiku mpaka Alhamisi.