Kwa wazee wa kanisa wapya: mambo ambayo hamtaambiwa siku ya kuingizwa kazini

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Najua wengi wenu mmechaguliwa juzi tu, na Jumapili moja kati ya hizi mtaitwa mbele, mtawekewa mikono, vigelegele vitapigwa, mama watoto kitenge kipya, watoto wanagombania simu wapige picha. Furahini jamani, siku yenyewe ni hiyo moja. Mi nilipita hapo miaka 14 iliyopita, Mlutheri wa kawaida kwenye mtaa mdogo, yaani tawi la kanisa, ambao siku hizi ni usharika unaojitegemea, na nilidhani kazi ngumu ni kusoma matangazo mbele ya watu bila kigugumizi. Baadaye nikapelekwa fedha, nikakaa huko muda mrefu, halafu diakonia, yaani huduma ya wagonjwa na wahitaji. Kwahiyo nitaongea ya huko ninakokujua, ya kwaya na ya ujenzi wapo wenyewe.

Tuanze na hela maana ndo inawaangusha wengi. Ibada imeisha, watu wako nje kwenye mnada wa vitu vilivyotolewa sadaka, mnadi anapandisha bei ya mkungu wa ndizi, nyie mko chumba cha nyuma na makapu. Hapo kaeni watatu, na wasiwe ndugu watatu. Noti zinanyooshwa, sarafu zinapangwa kumi kumi, bahasha za ahadi zinafunguliwa moja moja huku mmoja anaandika jina na kiasi, na kama nje ya bahasha imeandikwa 10,000 na ndani iko 5,000 basi inaandikwa ile iliyomo na wote watatu mnaiona kwa macho, msiseme "tutamuuliza mwenyewe baadaye", hakuna atakayemuuliza. Mkimaliza mnasaini. Na usikubali kubaki peke yako na kapu hata dakika tano, hata kama wenzako wameitwa kula chai ya wageni, hata kama we ni mwaminifu kuliko malaika. Beba kapu nenda nalo kwenye chai.

Mtaona kama nimezidisha. Sikilizeni sasa ya kwangu mwenyewe.

Mwaka wangu wa tatu tulifiwa na mama mmoja kwenye jumuiya yetu, tukachanga, na kwasababu mi ndo mtu wa fedha wote wakatuma kwenye namba yangu. Ikafika 186,000. Wiki hiyohiyo mwanangu akaugua, usiku, mfukoni sina kitu, nikatoa 40,000 mule mule nikijiambia mazishi ni Jumamosi, Ijumaa napokea hela yangu narudisha, hakuna shida. Jumatano jioni ikaja meseji kwamba ndugu wa marehemu wameshafika wote, mazishi yanafanyika kesho. Saa nne za usiku niko mlangoni kwa shemeji yangu nabisha hodi, nakopa elfu arobaini, na uongo juu yake maana sikuweza kumwambia ni ya nini. Hela ilifika kamili, hakuna aliyejua, na nilisimama pale makaburini watu wananishukuru kwa kuratibu vizuri, yaani natamani ardhi inimeze mimi badala ya marehemu. Nilikaa wiki mbili nikashindwa, nikaenda kumwambia mchungaji. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mzee, humo kwenye simu yako sasa hivi kuna hela za watu wangapi?" Nikaanza kuhesabu, kumbe kulikuwa na ya sare za kwaya na ya viti pia.

Toka siku hiyo michango inaingia kwenye laini nyingine kabisa ambayo haina hela yangu hata shilingi, na kila mchango ukiisha mwenzangu mmoja anaona taarifa yote, ilivyoingia na ilivyotoka. Someni 2 Wakorintho 8, Paulo yuko kwenye mchango wa kuwasaidia watakatifu wa Yerusalemu, na anasema wazi kwamba anatuma na ndugu wengine ili mtu asipate la kulaumu. Paulo huyo mtume! Sasa mimi na wewe ambao hata mafuta ya pikipiki yanatusumbua tunasema "mniamini tu".

Na mkianza kuona kuhesabu kunachosha, mkumbuke hela zenyewe zinatoka wapi. Kuna bibi kwetu alikuwa analeta mayai matatu kwenye leso, amefunga kila yai kivyake yasigongane. Mnadani yanapanda, mtu ananunua kwa 10,000 halafu anamrudishia bibi mayai yake, bibi anayafunga tena vilevile anaondoka nayo. Siku anakosa mayai anatoa sarafu ya 200. Ile 200 ikipotea kwenye hesabu hautaiona kwenye ripoti ya mwaka, ila aliyeitoa alitembea kutoka kule bondeni kuja kuitoa.

Diakonia sasa. Nilipohamishiwa huko nilijiona mtu wa Neno, nikawa natembea na karatasi ya mistari, mistari 11 nilikuwa nimeipanga kabisa kuanzia Zaburi mpaka Ufunuo. Nikaenda kwa mzee mmoja aliyepata kiharusi, upande wa kulia wote umelala, maneno hayatoki. Nikasoma. Nikasoma tena. Mzee anaangalia mlango, ananiangalia mimi, anapeleka mkono wa kushoto kidevuni. Mi nikajua anaguswa na Neno, nikaongeza sauti. Mkewe ndo akaniambia taratibu, "Baba, anataka kunyolewa. Alikuwa hakai siku mbili bila kunyoa, na mimi mikono inatetemeka naogopa kumkata." Nikafunga Biblia nikatoka mpaka dukani, nikanunua wembe na sabuni ya kipande, nikamtengenezea povu kwenye kikombe. Upande ule uliolala inabidi uivute ngozi kwa kidole maana imelegea, la sivyo wembe unaruka. Tulitumia kama nusu saa. Nilipomaliza akajipapasa shavu, akacheka kwa upande ule mmoja unaocheka, halafu mwenyewe akanionyesha ile Biblia pale mezani nisome.

Kwahiyo ukienda kwa mgonjwa uliza kwanza nyumba inahitaji nini. Pengine ni maji, pengine ni mtu wa kukaa na mgonjwa saa moja ili anayemuuguza akaoge na alale kidogo. Usikae sana, kama amelala usimwamshe eti mzee wa kanisa amefika. Na hili nawaomba kwa magoti, msipige picha mgonjwa kitandani mkaweka kwenye grupu la WhatsApp na maneno "tumemtembelea mpendwa wetu". Nimeona mama wa watu amewekwa kwenye grupu la watu zaidi ya mia mbili hana hata kitambaa kichwani. Alipopona alihama kanisa, na mi namuelewa. Unayoambiwa chumbani kwa mtu yabaki hukohuko, hata mkeo nyumbani asiyajue.

Mtakaopewa ukatibu msinune. Waraka kwa Warumi tunaosema wa Paulo uliandikwa kwa mkono wa mtu anaitwa Tertio, yumo sura ya 16 mstari wa 22, anasalimia mara moja basi harudi tena. Andikeni mihutasari vizuri, ina siku yake itaamua ugomvi wa kiwanja.

Kuna kuchoka kwingine, kule kwa kuona umefanya miaka na watu hawaongezeki. Hapo mi namkumbuka Johannes Rebmann, yule mmisionari Mjerumani. Shuleni tunafundishwa kwamba 1848 aliona theluji Kilimanjaro na huko Ulaya wakambishia. Safari ile ilikuwa ya wiki chache tu. Alifika pwani yetu 1846 akaondoka 1875, miaka 29, mingi yake ameikalia Rabai kule nyuma ya Mombasa, anajifunza lugha za watu na kuandika maneno kwenye makaratasi, waumini wachache mno, na mwishoni macho yakafa. Alivyorudi Ulaya hawezi kusafiri mwenyewe, akasindikizwa na Isaac Nyondo, kijana wa hukohuko. Mi huwa naipenda hiyo safari ya pili kuliko ya theluji. Yaani miaka 29, na mwishowe mtu uliyekuja kumhudumia ndo anakushika mkono kukuonyesha ngazi za meli.

La nyumbani nitalisema haraka kwasababu bado linaniuma. Kipindi fulani nilikuwa na kikao Jumanne, mazoezi Alhamisi, jumuiya Jumamosi alfajiri, Jumapili kutwa, na katikati misiba. Mke wangu siku moja ananiwekea chakula akasema, "Kanisani wewe ni mzee wa kanisa, hapa ni mzee wa nani?" Sikuwa na jibu. Nikaomba mwenyekiti aniondoe kamati moja, watu wakanuna, wakasema nimepoa kiroho, wiki tatu wakasahau. Ombeni kupunguziwa mapema kabla hamjaulizwa hilo swali.

Mkikosewa na wenzenu, na mtakosewa, ongeeni na aliyewakosea mkiwa wawili, siyo kwenye grupu.

Basi, Jumapili mkishaingizwa kazini wengine wataenda kula pilau na wageni, ila wawili wenu mtaitwa chumba cha nyuma kwenye makapu hiyohiyo siku. Njooni na kalamu zenu, ile ya mezani haijawahi kuandika.